Maswali ya Jikoni: Samaki wa Kijapani wa Kurowekwa na Sahani ya Mtoto Mdogo

SWALI: Ndugu mwandishi, nakusalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tatu tunaishi Yokohama, Japani, ambako mume wangu anasoma. Tuna watoto wawili, wa kwanza ana miaka minne na wa pili ana mwaka mmoja na miezi mitano, na wote wawili hushinda katika kituo cha kulelea watoto, ambako hupewa chakula cha mchana. Jioni ninapokwenda kuwachukua huikuta sahani ya mfano ya chakula cha siku hiyo imewekwa karibu na mlango, na mara nyingi ni samaki: ama aliyerowekwa kwenye miso, yaani rojo zito la soya iliyochachushwa, kisha akabanikwa, ama aliyekaangwa kisha akatiwa kwenye siki pamoja na vitunguu. Mkubwa humsifu sana samaki huyo, lakini wa kwangu humkataa. Nilinunua vipande vya samoni na miso ya rangi ya manjano hafifu, nikaroweka siku tatu kama jirani alivyonielekeza, nikabanika. Waliungua juu, ndani wakabaki wabichi, na chumvi ilikuwa kali hata baba yao hakuweza kumaliza. Isitoshe, karibu kila maelekezo yanataka mirin, ile pombe tamu ya kupikia, na pombe ya mchele, nasi ni Waislamu. Nifanyeje ili nipike mara moja tu, wakubwa na wadogo wale? — Mama wa watoto wawili, Yokohama

JIBU: Mama mpendwa, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nadhani kosa la kwanza lilianzia dukani kabla hujawasha jiko. Katika maduka ya Japani samoni huuzwa kwa namna mbili ambazo kwa macho hazitofautiani sana. Yupo ambaye hajatiwa kitu, naye lebo yake huwa na neno nama, yaani mbichi; na yupo ambaye ameshatiwa chumvi kabla ya kuuzwa, ambaye huitwa shiozake, au amashio ikiwa chumvi yake ni hafifu. Huyu wa pili hubanikwa vivyo hivyo na kuliwa kidogo kidogo kwa wali mweupe, na ukimroweka tena kwenye miso unakuwa umemtia chumvi mara mbili. Tafuta yule wa nama, au umchague tara, ambaye mnofu wake ni mweupe na laini, au sawara, ambaye ni jamaa wa karibu wa nguru wetu na ambaye Wajapani wenyewe humpenda sana kwa mapishi haya.

Kosa la pili ni la miso, na hili huwapata wageni wengi kwa sababu rangi hudanganya. Samaki wa namna unayoieleza asili yake ni Kyoto, na miso yake ni ile nyeupe na tamu iitwayo Saikyo, jina lenye maana ya mji mkuu wa magharibi, ambalo Kyoto ilipewa zama za Meiji baada ya makao ya mfalme kuhamia Tokyo. Miso hiyo hutengenezwa kwa kimea kingi cha mchele, na chumvi yake ni takriban gramu 6 katika kila gramu 100. Miso ya manjano hafifu inayouzwa kwa wingi na kwa bei nafuu kila duka, hasa ile ya mkoa wa Nagano iitwayo Shinshu, huonekana kama ndugu yake, kumbe chumvi yake hufika gramu 12 hivi, karibu sawa na miso nyekundu. Usiitazame rangi, geuza pakiti usome kiasi cha chumvi kilichoandikwa kwenye jedwali la virutubishi.

Linganisha viwango hivyo na mwili wa mtoto. Mwongozo wa lishe wa Japani wa mwaka 2020 uliweka lengo kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili apate chumvi isiyofika gramu 3 kwa siku nzima, na wa miaka mitatu hadi mitano isiyofika gramu 3.5. Kijiko kikubwa kimoja cha sosi ya soya ya kawaida kina takriban gramu 2.6. Ni kweli kwamba si kiungo chote kinachoingia ndani ya samaki, lakini utaona jinsi nafasi ilivyo ndogo, hasa ukikumbuka kwamba mtoto amekwisha kula mchana na pengine atakunywa supu ya miso pamoja na samaki huyo.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha jibu lote. Kupika mara moja kwa ajili ya familia nzima kunawezekana kabisa, lakini pa kutenganisha sehemu ya mtoto na ya mkubwa ni ndani ya bakuli la kuroweka, na kinachotenganisha ni muda. Watu wengi huroweka vipande vyote kwa saa zilezile, wakapika, kisha wakajaribu kuipunguza chumvi ya mtoto mezani kwa kumwongezea wali, na hapo huwa wamekwisha kuchelewa. Wewe tia vipande vyote pamoja, lakini vya watoto vitoe mapema, uvifute, uvifunike na kuviweka kwenye friji vikisubiri vya wakubwa. Tena usimkatie mtoto kipande kidogo kabla ya kuroweka, kwa maana kipande kidogo hunywa chumvi upesi kutoka pande zote. Mwachie kipande kizima kama cha watu wazima, kikishaiva ndipo umgawie kiasi chake kutoka katikati, ambako chumvi haikufika sana.

Siku tatu alizokutajia jirani zina historia yake. Mji wa Kyoto uko mbali na bahari, na samaki waliofikishwa huko zamani walisafirishwa kwa mwendo mrefu kutoka pwani ya Wakasa wakiwa wametiwa chumvi, kwa hiyo chumvi, na miso pia, zilikuwa na kazi ya kumhifadhi mbali na kumtia ladha. Wewe una friji, na kazi hiyo ya kuhifadhi haikuhusu tena. Wakubwa inawatosha siku moja au mbili. Mkubwa wako wa miaka minne, saa nne hadi sita. Na mdogo, saa moja au mbili tu.

Kwa vipande vinne vya gramu 80 hivi, chukua gramu 150 za miso nyeupe tamu na vijiko viwili vikubwa vya maji uliyokoroga na vijiko viwili vya chai vya sukari. Wapishi wa huko hunyunyizia samaki chumvi kidogo kwanza ili atoe maji na harufu. Kwa watoto wako iache hatua hiyo, na badala yake mkaushe vizuri kwa karatasi ya jikoni. Mzungushie kitambaa chembamba cha shashi kisha umpake miso juu ya kitambaa, ili siku ya kupika uivue yote bila kuhangaika na mabaki. Ikiwa umekwisha kununua ile miso kali na hutaki kuitupa, changanya kijiko kimoja kikubwa cha miso na vijiko viwili vikubwa vya mtindi usio na sukari. Mchanganyiko huo unafahamika katika majiko ya nyumbani Japani, hulainisha mnofu na kupunguza ukali wa chumvi, na mimi binafsi naupendelea kwa watoto kuliko mwingine wowote.

Kuungua nje na kubaki mbichi ndani kunatokana na sukari. Miso ina sukari ya kimea, mirin ina sukari, na vyote viwili huwa vyeusi kabla joto halijafika kwenye moyo wa kipande. Futa miso yote, usiache hata utando. Tandika karatasi ya kuokea ndani ya kikaango kikiwa bado baridi, mlaze samaki ngozi ikiwa chini, washa moto mdogo, funika, na umpe dakika nne au tano kila upande kulingana na unene wake. Angalia kwamba karatasi haijatokeza nje ya kikaango na kukaribia moto. Ameiva pale mnofu wa katikati unapoachana kwa urahisi na kupoteza ung'avu wake wa kioo.

Kuhusu pombe, mirin halisi ina takriban asilimia 14 ya kileo, na pombe ya mchele ni karibu na hapo au zaidi kidogo. Wapishi wa Kijapani huzichemsha kwanza ili kileo kipungue, na hivyo ndivyo wengi wafanyavyo wanapowapikia watoto, lakini kuchemsha hakukiondoi chote. Hukumu ya kidini ya kilichobaki ni ya wanazuoni, nami sitawasemea. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba samaki huyu hapotezi uhai wake bila pombe: kila penye kijiko kikubwa kimoja cha mirin, weka kijiko kikubwa kimoja cha maji na kijiko kimoja cha chai cha sukari, na penye pombe ya mchele weka maji yenye matone ya juisi ya tangawizi. Jihadhari na chupa iliyoandikwa mirin-fu, kwa kuwa hiyo nayo inaweza kuwa na kileo kisichofika asilimia moja, na uzoee kuzitambua herufi 酒精 kwenye miso na sosi ya soya, zinazosomwa shusei, maana yake kimeongezwa kileo ili kiungo kisiendelee kuchachuka.

Yule samaki wa siki uliyemwona mlangoni anaitwa nanbanzuke, na ningekushauri uanze na huyo, kwani hahitaji pombe hata kidogo na huvumilia makosa ya mpishi. Nanban ni neno ambalo Wajapani waliwaitia Wareno na wageni wengine waliofika kwao kwa njia ya kusini kuanzia mwaka 1543. Ni Wareno walewale ambao walikuwa wamekwisha kutia nanga Malindi mwaka 1498, na kama walivyotuachia sisi neno meza, ndivyo walivyowaachia Wajapani neno pan kwa maana ya mkate. Chemsha mililita 150 za dashi, yaani maji ya mwani na samaki mkavu, pamoja na mililita 60 za siki ya mchele, vijiko viwili vikubwa vya sukari na kijiko kikubwa kimoja na nusu cha sosi ya soya. Siki ikichemka ule ukali unaomkereketa mtoto hupungua. Ukitumia dashi ya unga, soma kiasi cha chumvi chake, kwa sababu nyingi zimeshatiwa chumvi, na hapo upunguze sosi ya soya. Tia kitunguu maji na karoti ulizokata nyembamba zilainike ndani ya mchuzi huo. Gramu 300 za minofu ya samoni mbichi au tara zikate vipande, zipakaze wanga wa viazi, uzikaange kwenye mafuta kiasi hadi ziive kabisa, kisha uzitumbukize kwenye mchuzi zingali za moto, maana kipande cha moto hunywa ladha upesi. Cha mdogo kitoe baada ya dakika kumi, cha mkubwa baada ya nusu saa, na vyenu viwili viacheni kwenye friji hadi kesho, ambako ndiko utamu wake uliko. Pilipili itieni baada ya vya watoto kutoka.

Miiba usimwachie mtu mwingine aikague. Wajapani hukaanga samaki wadogo waitwao aji wazima wazima, mara mbili, mpaka miiba ikatafunika, lakini hiyo si ya mtoto ambaye magego yake hayajakamilika. Hata minofu iliyouzwa kwa jina la kutolewa miiba ipapase kwa vidole kabla ya kuroweka, halafu umchambulie mtoto mbele ya macho yako. Na usione haya kumwuliza mtaalamu wa lishe wa kituo chenu jinsi wanavyopika. Japani ina sheria ya elimu ya chakula tangu mwaka 2005, na vituo vingi hufurahi kuwapa wazazi vipimo vyao.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni baba wa watoto watatu, Mombasa, na mtoto wangu wa mwisho ana miaka miwili. Ningependa kuwapikia samaki wa kurowekwa kwa namna ya Kijapani, lakini miso sijaiona huku kwetu. Ninachokipata ni sosi ya soya, tangawizi na ndimu. Samaki ninaowapata ni nguru na vibua. Pia nimeambiwa kwamba Wajapani humtia samaki wa jamii ya kibua kwenye siki akaiva bila moto. Je, naweza kumpa mtoto?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa sababu linagusa usalama. Samaki huyo anaitwa shime saba. Hutiwa chumvi nyingi, kisha siki, na mnofu wake hugeuka mweupe kana kwamba ameiva. Hajaiva. Katika samaki wa baharini wa jamii hiyo anaweza kuwamo mnyoo mdogo aitwaye anisakisi, ambaye hafi kwa siki, wala kwa chumvi, wala kwa sosi ya soya kwa vipimo vya jikoni. Mamlaka ya afya ya Japani husema hufa kwa joto la nyuzi 70, au nyuzi 60 kwa dakika moja, au kwa kugandishwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 na zaidi, baridi ambayo majokofu mengi ya nyumbani hayaifikii. Kwa mtoto wa miaka miwili samaki wa kurowekwa ni yule aliyepitia moto, basi.

Vibua vina jambo lingine ambalo ningependa kila mzazi wa pwani alijue. Samaki wa jamii ya vibua na jodari akikaa kwenye joto kabla ya kupikwa, vijidudu hutengeneza ndani yake kitu kiitwacho histamini, na hicho kikishatengenezwa hakiondoki kwa kuroweka, kwa kuosha, wala kwa kupika. Mlaji huwashwa mdomo, huiva uso na kutokwa na vipele muda mfupi baada ya kula, na watu hudhani samaki hampatani naye. Kiungo kizuri kinaweza kukuficha harufu ya samaki aliyechoka, kwa hiyo mnunue akiwa ndani ya barafu, na umroweke ndani ya friji, si juu ya meza.

Nguru ndiye bahati yako. Sawara wa Japani niliyemtaja juu ni jamaa yake wa karibu, na kuna namna ya kumroweka iitwayo yuan ambayo haihitaji miso: sosi ya soya, mirin na pombe ya mchele kwa vipimo vilivyo sawa, pamoja na vipande vya yuzu, tunda la jamii ya ndimu. Inasimuliwa kwamba jina hilo limetokana na Kitamura Yuan, bingwa wa sherehe za chai wa zama za Edo. Kwa watoto wako changanya vijiko viwili vikubwa vya sosi ya soya, vijiko vinne vikubwa vya maji, vijiko viwili vya chai vya sukari na kijiko kimoja cha chai cha juisi ya tangawizi, kisha utie slesi tatu za ndimu pamoja na ganda lake. Usiikamue ndimu humo. Harufu unayoitafuta imo kwenye ganda, na ukimzidishia nguru ukali wa ndimu mnofu wake hukakamaa na kuwa mkavu. Mtoto wa miaka miwili, dakika kumi na tano. Watu wazima, dakika arubaini. Mkaushe, umbanike juu ya makaa yaliyokwisha kufifia, na kama wavu wako hunasa ngozi, tandika jani la mgomba ulilolipitisha motoni, litafanya kazi ileile ya karatasi ya kuokea. Maji ya kuroweka yaliyobaki usimnyunyizie mtoto, kwani yamechanganyika na samaki mbichi na chumvi yake ni nyingi. Chagua nguru mdogo kuliko yule mkubwa mno, kwa sababu samaki wakubwa wanaokula wenzao hukusanya zebaki mwilini kadiri wanavyokua. Mwisho, sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano; ikiwa mmoja wa watoto hudhurika na chochote kati ya hivyo viwili, hata matone machache hayamfai.

SWALI: Mimi ni bibi, naishi na binti yangu Nagoya. Nilitaka kutia asali badala ya sukari kwenye mchuzi wa samaki, kwa kuwa asali ni dawa, lakini binti yangu amenikataza kabisa kwa sababu mjukuu ana miezi tisa. Anasema hata ikipikwa haifai. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo bibi. Ni kweli, na binti yako amefanya vyema kushikilia msimamo wake. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachosababisha ugonjwa wa botulizimu, na tumbo la mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja haliwezi kuzizuia zisiamke na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mbegu hizo hustahimili moto wa kawaida wa jikoni, ndiyo maana kupika hakusaidii. Wizara ya afya ya Japani ilitoa tahadhari hiyo tangu mwaka 1987, na utaikuta imeandikwa kwenye chupa za asali huko. Mjukuu akishatimiza mwaka zuio hilo huondoka. Kwa sasa, kabla hujaroweka samaki wa nyumba nzima, mtolee yeye kipande kidogo cha mnofu mweupe, kwa mfano tara au karei, umchemshe kwa maji matupu mpaka aive, uuponde vizuri kwa uma huku ukiutafuta mwiba, na uuchanganye na uji wake wa mchele.